Jibu Kamili

Nilikuwa mwalimu mkali, na ukali wangu niliupenda. Nimezeeka, sina tena wa kumwogopa, kwa hiyo nasema. Watu wa Ujiji waliosoma kwangu hata leo wakinikuta njiani hunyoosha migongo, na baadhi yao ni mababu. Rula yangu ilikuwa ya mninga. Niliichongesha kwa fundi wa mitumbwi pale ufukweni Kibirizi, na kazi yake haikuwa kupiga mistari.

Darasani kwangu sheria ilikuwa moja: jibu kamili. Nikikuuliza unatoka wapi, usiniambie "nyumbani". Nyumbani ndiyo nini? Sema, "Ninatoka nyumbani, mwalimu." Mikono nyuma, macho mbele. Ukinipa nusu ya jibu, nami nakupa nusu ya ardhi, unasimama kwa mguu mmoja mpaka kengele. Maneno hayo niliyatunga mwenyewe na nilijiona mjanja sana.

Kuna mtoto mmoja wa darasa la nne nilimuuliza, "Baba yako yuko wapi?" Alikuwa hajaleta daftari na nilitaka kumwita mzazi. Akajibu, "Ziwani." Nikamwambia jibu kamili. Nikamwambia tena, sema, baba yangu yuko ziwani. Hakusema, akainamisha kichwa. Nikamsimamisha kwa mguu mmoja kipindi kizima, na alipoyumba nikamrudisha kwa rula. Jioni ndipo nikaambiwa kwamba baba yake alikuwa amezama siku tatu kabla, na maiti ilikuwa haijaonekana. Mnadhani nilimwomba radhi? Wapi! Nilisema moyoni, angeongeza maneno mawili tu ningeelewa.

Maana mimi imani yangu ilikuwa kitenzi. Niliwaambia watoto, kitenzi cha Kiswahili kimejibebea mizigo yake chenyewe. Ukisema "nitampiga" umeshamtaja anayepiga, umeshamtaja anayepigwa, na umeshasema kwamba bado hajapigwa, ana nafasi ya kukimbia. Neno moja tu! Kwa hiyo hakihitaji shahidi. Huhitaji kumtazama msemaji usoni, wala kujua yuko jikoni au msibani. Jua viambishi, umejua yote. Nilifundisha hivyo miaka na miaka, na ndivyo nilivyomfundisha wifi yangu.

Wifi yangu alikuwa mkimbizi. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Burundi mpaka ukienda ufukweni asubuhi unakuta masufuria na ndala zimetupwa mchangani, wenyewe wameshapanda mlima. Yeye alishukia Ilagala na mama yake, na mama yake akazikwa palepale wiki ya kwanza. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akinunua dagaa Ilagala na kuzileta Kibirizi. Akamkuta anaanika dagaa za watu kwa kibarua. Nikashtukia naletewa mke. Alisilimu, shehe akafungisha ndoa barazani kwetu mbele ya mashahidi wawili, wali ukaliwa, basi. Cheti hakikuandikwa, na hakuna aliyekitaka.

Mimi sikumpenda. Nasema wazi. Sisi watu wa Ujiji tuna maringo yetu, tunajiona mji wetu ulikuwa mji wakati wengine bado wanafyeka pori. Na Kiswahili tunakiona chetu, tumerithi na nyumba. Halafu anaingia jikoni kwangu mwanamke anasema "weye" na "miye", ngeli zote amezitia chungu kimoja. Akisema "kikombe imevunjika", mimi nasikia jino linauma. Kikombe chenyewe sikukijali.

Lakini alikuwa na akili, na alikuwa na mdomo. Wiki ya kwanza jirani yetu, mama mmoja muuza mawese, alimwomba amshikie chungu mlangoni, akamwambia "nakuja", akaondoka. Wifi akasimama na kile chungu mpaka alasiri. Aliporudi ndani aliniuliza, "Wifi, huyu amesema anakuja, na amekwenda. Ni mwongo?" Nikamwambia jirani hajui Kiswahili, mtu anayeondoka hawezi kusema anakuja. Nikarudi kusahihisha madaftari yangu. Baada ya siku chache namsikia yeye mwenyewe anamwambia yule jirani "nakuja, nakuja", huku anatoka kwenda sokoni na kapu lake, na jirani anamjibu "haya". Hakufundishwa na mtu. Alitazama tu watu wanaposema wanafanya nini na miguu yao.

Siku nyingine mdogo wangu alirudi kutoka Kibirizi anacheka mpaka anajishika mbavu. Kuna mchuuzi alimwona wifi mgeni, akamkejeli mbele za watu, "We mama, umetoka wapi wewe?" Wifi akaweka tenga chini, akashika kiuno. "Miye nimetoka kwa bwana wangu. Weye umetoka kwa nani, asubuhi yote hii hujaoga?" Wapagazi wakapiga mayowe, wakatupa vilemba juu. Tangu siku hiyo wakamwita shemeji, na hakuna aliyemuuliza tena alikotoka. Mdogo wangu alisimulia kwa fahari, mkewe anajificha uso kwa kitenge, na mimi nikamkata.

"Hilo si jibu," nikasema. "Swali la wapi hujibiwa kwa mahali."

Kicheko kikafa sahanini. Mdogo wangu akanawa mikono kabla ugali haujaisha. Ningejua, ningemwambia hapohapo: wifi yangu, shika hilohilo, usijifunze lingine.

Wakazaa mtoto wa kike. Alikuwa hajatimiza mwaka ulipotoka uvumi, kisha ikawa si uvumi. Watu wa upande wa pili wa ziwa waliokuwa wakiishi vijijini na mjini, nje ya kambi, walikuwa wanakusanywa na kupelekwa kambini. Maofisa walianzia vijiji vya kando ya ziwa. Walichukua waliofika jana na waliofika zamani, walioolewa na wasioolewa. Mama mmoja wa mtaa wa pili alichukuliwa akiwa na unga mikononi. Watoto wake wakabaki kwa sababu baba yao ni Mtanzania. Mwanao akiwa bado ananyonya, hiyo ni shida yako.

Mdogo wangu akanijia. Sijawahi kumwona amenywea vile.

"Dada, mfundishe," akasema. "Aongee kama sisi. Wakija wasijue. Wakimchukua, mtoto huyu nitamfanyaje?"

Nikakubali. Niseme nilimhurumia mtoto? Nilimhurumia, ndiyo. Lakini zaidi nilifurahi kwamba hatimaye yule mwanamke ataketi mbele yangu na kusahihishwa.

Tulisomea uani, kila siku nikitoka shule. Mlango mbovu tuliuegemeza ukutani, ukawa ubao. Yeye mkekani, mimi kwenye kiti. Nikamwambia hapa uani hakuna wifi. Hapa kuna mwalimu. Akisema "ego", ile ndiyo yao ya Kirundi, rula. Akisema "miye", rula. Akijibu nusu, rula, mtu mzima, mke wa watu, mama wa mtoto. Na alivumilia. Alinyoosha kiganja mwenyewe kabla sijamwambia, akarudia sentensi, akanitazama kama naitikia kwa kichwa. Nisipoitikia alirudia tena. Alijua kwa nini anajifunza.

Nilimfundisha kwa kitenzi kimoja kimoja, kwa nyakati zake. Kitenzi cha kulia nilikipanga siku ya Ijumaa. Mtoto alikuwa amelala ndani. Tulipoanza, akaamka akaanza kulia, na wifi akainuka.

"Kaa," nikamwambia.

"Mwalimu, mtoto—"

"Mtoto anafanya nini? Jibu kamili."

"Mtoto analia."

"Wakati uliopita."

"Mtoto alilia."

"Ujao. Kisha timilifu. Kisha ukanushe zote. Ukimaliza bila kosa utakwenda."

Mtoto ndani anapasuka. Ile sauti ya kukauka, ya mtoto anayeona ametupwa. Wifi akasimama, mikono nyuma, akasema. Mtoto atalia. Mtoto amelia. Mtoto halii. Akakosea ya uliopita, akasema "hakulii", nikamwanzisha upya. Kitenge chake kifuani kililoa maziwa, mabaka mawili, na hakuthubutu kujifuta kwa sababu mikono ilikuwa nyuma. Mara ya tatu alimaliza yote bila kosa. Matamshi yalikuwa safi kama ya mtoto wa Ujiji. Nikaitikia kwa kichwa, akakimbilia ndani. Na mimi nilikaa pale uani nikiwa na furaha, wallahi, furaha ya mwalimu aliyefaulisha. Yale maneno "mtoto analia" niliyasikia labda mara kumi siku ile na sikusikia hata mara moja kwamba kuna mtoto analia.

Baada ya miezi miwili alikuwa tayari. Ngeli zake zilikaa sawa. Ungemsikia bila kumwona ungedhani ni mmoja wa wanafunzi wangu bora. Kule kushika kiuno kuliisha. Mdomo ule wa Kibirizi uliisha. Akiulizwa kitu hata na mumewe, alijibu kwa sentensi nzima, kwa sauti ya chini. Mdogo wangu aliniambia siku moja, "Dada, mke wangu sasa anaongea kama barua." Nikaona ni sifa.

Wakaja asubuhi ya Jumamosi. Mdogo wangu alikuwa Ilagala. Kulikuwa na ofisa mmoja mgeni, si mtu wa mkoa wetu, ana daftari. Kulikuwa na balozi wetu wa nyumba kumi, anatazama chini. Na kulikuwa na mgambo wawili, mmoja wao nikamjua kabla hajavua kofia. Ni yule mtoto wa darasa la nne. Sasa ana ndevu, na mwendo wake mzito wa mtu asiye na haraka.

Walianza kwa jirani muuza mawese. Sisi tulisimama barazani kwetu, hatua kumi tu, mtoto amelala ndani. Ofisa akamuuliza jirani, kwa adabu tu, "Mama, wewe umezaliwa wapi?"

Ebo! Mnamjua mwanamke wa Ujiji nyinyi? Aliacha mwiko kwenye chungu. "Umeniuliza nini? Hebu rudia! We mtoto wa juzi, unakuja mlangoni kwangu unaniuliza mimi nimezaliwa wapi? Kamuulize huyo balozi wako nani alimfunga nepi! Umenizibia mwanga hapo, sogea, mafuta yangu yanaungua!"

Balozi akacheka kwa aibu. Ofisa akacheka. Wakaandika kitu kwenye daftari wakasogea. Hakuwaambia amezaliwa wapi. Hakujibu hata neno moja la swali, na watu wote pale walijua jibu.

Wakafika kwetu. Wifi akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo," akamwambia ofisa.

"Marahaba. Umezaliwa wapi, dada?"

"Nimezaliwa hapa Ujiji."

Sauti haikutetemeka. Nikaitikia kwa kichwa. Hata sikujua kwamba naitikia.

"Umeolewa lini?"

"Nimeolewa mwaka juzi, baada ya mfungo."

Nikaitikia.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Baba yangu alikuwa mvuvi. Alikuwa akivua migebuka. Amefariki."

Nyakati tatu kwa mpigo, kila moja mahali pake. Moyo wangu ulijaa. Nasema ukweli, katika saa ile, na mwanamke yule amesimama ukingoni mwa maisha yake, mimi nilikuwa najisifu.

Ofisa alifunga daftari. Alikuwa ameshageuka. Yule mgambo wangu ndiye hakugeuka. Alikuwa anamtazama wifi, kisha ananitazama mimi, kisha anamtazama wifi.

"Afande," akasema, "huyu si wa hapa."

"Acha wewe. Kiswahili chake kinakushinda hata wewe."

"Ndiyo nasema. Hapa mtu mzima hajibu hivyo. Umemsikia yule jirani. Mwanamke wa hapa ukimuuliza amezaliwa wapi anakutukana. Hivi anavyojibu huyu tunajibu darasani, kwa huyu mwalimu. Tazama mikono iko wapi. Na mtazame mwalimu, kila akijibiwa anaitikia."

Wote wakanigeukia. Kichwa changu kilikuwa bado kinakwenda chini na juu. Nikakisimamisha.

"Shikamoo, mwalimu," akaniambia yule mgambo. "Umemfundisha vizuri."

Ofisa akanijia. "Mwalimu, wewe ni mtumishi, nitakuamini. Huyu amezaliwa wapi?"

Hapo ndipo. Mimi ninayejua kutukana mtaa mzima bila kuvuta pumzi! Ningemwambia nini asiambiwe? Ningemuuliza anamtafuta nani barazani kwa marehemu baba yangu. Ningemfukuza kama jirani alivyomfukuza, na angeondoka, alikuwa anataka kuondoka, jua lilikuwa limeshakuwa kali. Lakini mtu amenisimamia mbele na swali, na mimi nikajibu.

"Huyu ni mke wa mdogo wangu," nikasema.

"Sikukuuliza ni mke wa nani," akasema. "Nimekuuliza amezaliwa wapi."

Swali la wapi hujibiwa kwa mahali. Nilifungua mdomo, mahali hapakutoka. Ofisa alisubiri kidogo, akafungua tena daftari.

Jirani alipiga kelele kutoka mlangoni kwake, "Ni wetu huyo! Mwacheni, mna wazimu!" lakini amechelewa. Walimpa wifi muda wa kuchukua nguo. Alipouliza kuhusu mtoto, balozi alisema kwa sauti ndogo kwamba baba wa mtoto ni Mtanzania, mtoto anabaki. Ofisa akasema ndivyo ilivyo. Yule mgambo alisimama kwa miguu yake miwili na kungoja.

Wifi alipofika mwisho wa ua, mtoto akaamka ndani, akaanza. Wifi akasimama. Nilidhani atapiga yowe, atajitupa chini, atasema Kirundi chake chote nilichomchapia. Aligeuka akanitazama.

"Wifi, mtoto analia," akasema.

Wakamsogeza mbele, wakaenda naye. Nilikuwa nimesimama pale pale. Kisha nikaelewa kwamba nimeambiwa niingie ndani nimbebe, nimlishe, nimkanye, nimuoze, na kwamba kitenzi chenyewe hakikusema hata moja ya hayo.

Mdogo wangu alirudi baada ya siku mbili, na gunia la muhogo mkavu begani. Jirani alishamwambia kila kitu kabla hajafika mlangoni. Hakunipiga, hakunitukana, na ningefurahi angefanya hivyo. Alimchukua mtoto akaketi naye uani.

"Pale Kibirizi alijibu mwenyewe," akasema. "Yule mchuuzi alimuuliza, akajibu mwenyewe, wakamwacha."

Alikwenda kambini mara tatu. Aliambiwa alete cheti cha ndoa. Alimchukua shehe, akawachukua mashahidi wawili, wakaambiwa watu si karatasi. Mara ya nne hakurudi. Alibaki upande ule akikata kuni ili awe karibu naye, anamwona kwenye uzio. Mtoto akabaki kwangu, akaugua, akapona, akajifunza kunywa uji kwa kikombe. Neno lake la kwanza alinielekezea mimi. "Mama." Nimesahihisha watu maisha yangu yote, hilo sikulisahihisha.

Baada ya miezi mitano nilipata kibali, nikapanda basi la Kasulu kwenda kambini, na mtoto mgongoni. Nilijiambia namrudishia mwanawe. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga vizuri, kama insha.

Nilimkuta nje ya turubai lake, anapepeta mchele wenye mawe. Amekonda, nywele amenyoa. Aliponiona aliweka ungo chini, akasimama. Mikono ikaenda nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakusema wifi. Nikamshusha mtoto, nikamsogeza kwake. Mtoto alimtazama, akakunja uso, akageuka akashika gauni langu kwa mikono yote miwili akaanza kulia. "Mama, mama." Alikuwa ananiita mimi. Wifi aliona. Hakunyoosha mkono.

"Mchukue," nikamwambia. "Ni wako. Nimekuletea."

"Maziwa yangu yamekauka," akasema. "Watoto wawili wa turubai lile wamekufa wiki hii kwa kuhara. Mwingine atakufa kesho. Sitamchukua."

Sentensi zote zilikuwa nzima, hakuna kosa hata moja. Sauti ile ile ya chini. Nilimwambia nisamehe. Nilimwambia kwamba namwota usiku. Nilisema maneno mengi, hayakuwa yamepangwa tena, mengine sikuyamaliza, na yeye alisubiri kama mwanafunzi anayesubiri swali. Mwishoni aliniambia kwamba wenzake wengi wanarudi kwao, na yeye atarudi nao, mume akitaka atamfuata. Alisema kwao hakuna tena nyumba, lakini kuna mahali.

Basi lilikuwa linapiga honi barabarani. Mtoto alikuwa amelia mpaka ana kwikwi. Nilimfunga mgongoni kwa kile kitenge ambacho wifi alikiacha Ujiji, naye alikitambua. Niliona macho yake yanakipita, yanarudi kwangu.

"Akikua ataniuliza," nikasema. "Nimwambie nini? Mama yake yuko wapi?"

Alifikiri. Alivuta pumzi, akanyoosha mgongo, macho mbele.

"Mama wa mtoto huyu amezaliwa Ujiji," akasema. "Mama wa mtoto huyu amekufa."

Alikuwa amesimama mbele yangu. Miguu ina vumbi, mshipa wa shingo unapiga, jasho linamtoka. Na mimi niliyefundisha kwamba kitenzi hakihitaji shahidi, nilimtazama huyo shahidi mzimamzima, nikaelewa kila kitu alichokisema, na kwamba hakitabadilika.

"Nimejibu kamili, mwalimu?"

Nikaitikia kwa kichwa.